Robo Saa ya Giza

Kundi likishashuka jukwaani Ngome Kongwe na taa zikazimwa, watu huinuka kwenda kutafuta mishikaki na juisi ya miwa. Mimi hubaki nimekaa palepale kwenye ngazi za mawe. Nimeshagundua kwamba robo saa ile ya giza, kati ya kundi na kundi, ndiyo ninayoifuata Unguja.

Tamasha lenyewe, Sauti za Busara, lilianza mwaka 2004, na tangu mwanzo limeshikilia sharti moja: muziki upigwe laivu, hakuna kufungulia santuri ukafuatisha kwa mdomo. Sharti hilo ni tamu kwa msikilizaji, lakini kwa wapanga jukwaa ni mzigo. Usiku mmoja jukwaa lilelile hupokea taarab yenye udi, fidla, akodiani na kanuni, kisha bendi ya magitaa, kisha ngoma za kusimama zenye urefu wa kifua cha mtu. Kila kundi lina viti vyake, maiki zake na mahali pake pa kukaa. Yote hayo yabadilike kabla mshabiki hajamaliza mshikaki wake.

Anayeyabadilisha ni dada mmoja niliyemtazama kwa misimu kadhaa. Huvaa nyeusi tupu, kuanzia ushungi hadi raba, ili taa ikimgonga kwa bahati mbaya asionekane. Kiunoni ana roli za tepu za rangi mbalimbali. Mchana, wakati wa kujaribu vyombo, kila mwanamuziki akishapata mahali panapomfaa, yeye hupiga magoti na kubandika sakafuni kipande cha tepu chenye ukubwa wa kidole: nyekundu kwa taarab, njano kwa magitaa, kijani kwa ngoma. Usiku hahitaji kuuliza kiti kinakaa wapi. Humulika kwa kitochi chake mara moja, kiti kikatua.

Mkononi ana karatasi yenye mchoro wa jukwaa kama unavyoonekana ukiwa juu: viduara ni watu, namba ni maiki. Makundi huituma mapema. Huandika watu tisa, wakafika kumi na wawili. Ratiba yake ina mistari miwili isiyo na jina la kundi lolote: Magharibi na Isha. Adhana ikianza kwenye misikiti ya jirani, mitambo yote hunyamaza.

Kilichonifanya nimheshimu zaidi ni kanuni. Chombo hicho kina nyuzi zaidi ya sabini, na kwa kawaida sauti moja huchukua nyuzi tatu, ambazo lazima zikubaliane kabisa. Hewa ya pwani nayo ina unyevu, mbao na ngozi vinaitika, na jasho la saa mbili linaweza kuharibu ulichokirekebisha alasiri. Kwa hiyo mpigaji lazima airekebishe karibu na zamu yake, mahali penye ukimya. Nenda katafute ukimya ndani ya ngome siku ya tamasha! Usiku mmoja nilimsikia dada akimpokea mzee mpigaji kanuni:

"Shikamoo, maalim. Tukuweke wapi?"

"Marahaba, mwanangu. Popote, mradi taa isinipige."

Akamtafutia kona nyuma ya ukuta mnene, akaweka kijana mlangoni na amri moja tu: mtu yeyote asiguse ngoma. Mzee akainamia nyuzi zake, ufunguo mkononi, akikaza na kulegeza. Dada hakumharakisha hata kwa jicho. Alikuwa ameshaiweka nusu saa ya kazi hiyo kwenye karatasi yake tangu asubuhi.

Niliwahi kuandaa usiku wa mashairi na kukumbuka kila kitu isipokuwa stendi ya maiki. Mshairi wa kwanza alishika maiki mkono mmoja na karatasi mkono wa pili, miwani ikamteleza hadi ncha ya pua, na mkono wa tatu hakuwa nao. Tangu siku hiyo sidharau mtu mwenye orodha.

Nilimuuliza dada aliingiaje kwenye kazi hii. Alianzia kwenye kucheza ngoma, akaisomea Bagamoyo. Siku moja msimamizi hakufika, akakabidhiwa orodha kwa sababu tu mwandiko wake ulisomeka. "Onyesho lilipoisha," akaniambia, "nilifurahi kuliko siku yoyote niliyocheza. Nikajiogopa." Alidhani ni uvivu, au woga wa jukwaa. Ilimchukua miaka miwili kukiri kwamba ndiyo kazi yake. Simshangai. Vijana wetu wakiambiwa wana kipaji, huambiwa waimbe au wacheze. Sijasikia shindano la kumtafuta anayejua kiti kikae wapi.

Usiku ule taa ziliwaka, na mzee alikuwa amekaa kana kwamba alizaliwa pale, mwanga ukiishia magotini. Fidla zikaingia. Pembeni, gizani, kidole kilishuka mstari mmoja kwenye karatasi.

Saa saba usiku uwanja ulikuwa umebaki na paka. Dada alikuwa amepiga magoti akibandua tepu kwa ukucha, akizifinyanga kuwa donge la rangi tatu. Mzee akarudi kwa hatua za wasiwasi, akipapasa mifuko ya kanzu: ufunguo wa kanuni hauonekani. Dada akaingiza mkono mfukoni. Ulikuwa humo, umezungushiwa kipande cha tepu nyekundu.