Sifa zote kwa superkondakta, shaba je?

Msomaji, kama umewahi kusoma makala kuhusu superkondakta, bila shaka umekutana na sentensi hii au ndugu yake: ukiupoza waya vya kutosha, ukinzani unakuwa sifuri na umeme unapita bila kupoteza chochote. Inafuata picha ya kisumaku kinachoelea hewani, kisha mwandishi anaaga. Sentensi hiyo si uongo. Shida ni kwamba inaishia pale kazi ya mhandisi inapoanza, na ukiishika peke yake hutaelewa kwa nini mashine kubwa kuliko zote za kugonganisha chembe ilikwama siku 9 tu baada ya kuzinduliwa.

Mashine hiyo ni LHC ya CERN, kwenye handaki la kilomita 27 mpakani mwa Uswisi na Ufaransa. Sumaku 1,232 zinazopinda njia ya protoni zimetengenezwa kwa nyaya za niobi-titani, zilizopozwa kwa heliamu hadi kelvini 1.9, yaani digrii 271 chini ya sifuri. Kwa usanifu wake, kila sumaku hupitisha karibu ampea 12,000.

Utasema: kwa baridi hiyo, si waya uko salama? Hapana, baridi yenyewe ni sehemu ya tatizo. Karibu na sifuri halisi, vitu hupashika moto kirahisi mno. Shaba ikiwa kelvini 4 inahitaji joto dogo mara maelfu kuliko shaba ya chumbani ili ipande digrii moja. Kwa hiyo waya ukisogea mikroni chache tu kwa kusukumwa na nguvu ya sumaku, msuguano huo unaweza kutosha kukivua kipande kimoja usuperkondakta wake. Kipande kinaanza kukinza umeme, ukinzani unazaa joto, joto linamwambukiza jirani. Wenyewe wanaita kwenchi.

Na hapa ndipo makala nyingi zinakuangusha. Niobi-titani ikishapoteza hali yake, inakuwa kipitishi kibovu, chenye ukinzani mara maelfu ya ule wa shaba baridi. Ndiyo maana hakuna anayeitumia peke yake. Ukate waya wa LHC uuweke chini ya hadubini: utaona maelfu ya nyuzi za mikroni 6 au 7, zimezama ndani ya shaba, na shaba ni nyingi kuliko niobi-titani yenyewe. Wembamba huo una sababu. Watafiti wa Rutherford Laboratory, Uingereza, akiwemo Martin Wilson, walionyesha mnamo 1970 kwamba kwenye unyuzi mnene uga wa sumaku huingia kwa kuruka ghafla na kumwaga joto. Nyuzi nyembamba zilizosokotwa hutuliza mruko huo. Shaba nayo ni njia ya pembeni: superkondakta ikifunga barabara, umeme unapita kwenye shaba hadi mfumo wa ulinzi uuondoe. Mtaani wanasema mchepuko si dili. Hapa mchepuko ndio dili.

Sasa turudi kwenye ajali ya tarehe 19 Septemba 2008. Habari ilifupishwa hivi: kiungo kimoja cha umeme kilikuwa kibovu. Sawa, lakini hesabu mwenyewe. Kiungo hicho kilikadiriwa kuwa na ukinzani wa karibu omu 0.0000002, na umeme ulikuwa ampea 8,700 hivi. Zidisha 8,700 kwa 8,700, kisha kwa ukinzani huo. Unapata wati 15. Hiyo ni taa ya sebuleni! Wati 15 zilipeleka vipi tani 6 za heliamu nje ya mabomba na kulazimisha sumaku 53 zitolewe handakini?

Jibu ni shaba. Kiungo kilipopata joto, kebo iliyo jirani ikapoteza hali yake, na umeme ukahitaji njia ya pembeni. Kwa maelezo ya wachunguzi, shaba ya pale haikugusana vizuri na kiungo. Umeme ukakosa pa kupita, cheche kubwa ikatoboa chombo cha heliamu, na nishati iliyokuwa imehifadhiwa ndani ya sumaku ikafanya uharibifu uliobaki. Ukisimulia ajali hii bila shaba, umebaki na balbu iliyobomoa handaki.

Na gharama haikuishia siku ile. LHC ilirudi Novemba 2009, lakini kwa miaka mitatu iliyofuata ilifanya kazi kwa TeV 3.5 hadi 4 kwa kila mwale, wakati ilisanifiwa kwa 7. Ilibidi isimame kuanzia 2013 hadi 2015, viungo zaidi ya 10,000 viimarishwe kwa vipande vya shaba, ndipo ikapanda hadi 6.5.

Kuna watakaosema habari za shaba zinamchosha msomaji wa kawaida. Hatukubali. Msomaji aliyeambiwa “sifuri” tu ataamini kila tangazo la superkondakta mpya kwamba kesho tutakuwa na nyaya za ajabu. Superkondakta za joto la juu kiasi ziligunduliwa 1986, na bado sumaku za LHC zikasukwa kwa niobi-titani. Kati ya kugundua kitu na kupata waya unaoaminika kuna safari ndefu.

Kwa hiyo siku nyingine ukisoma kuhusu waya usio na ukinzani, muulize mwandishi: huo usuperkondakta ukipotea ghafla, umeme utapita wapi?