Mkwaju na Tunu: Ndoa ya Dereva katika Twende na Wakati

Sehemu hii inahakiki usawiri wa Mkwaju, dereva wa lori katika tamthilia ya redio Twende na Wakati, iliyoanza kurushwa na Radio Tanzania Dar es Salaam mwaka 1993. Watafiti waliotangulia walimtazama zaidi kwa jicho la afya ya jamii: mume mzinzi aliyepata UKIMWI, na mke, Tunu, aliyemwacha akaanzisha biashara yake. Kwa maoni yetu, mtazamo huo unaipunguza familia hiyo kuwa funzo tu.

Jina lenyewe lina utata. Mkwaju ni mti wa matunda machachu. Pia ni fimbo ya kuchapia. Je, fimbo hiyo inamwangukia nani? Wasikilizaji walipoanza kuwaita wanaume wazinzi “Mkwaju”, jina liligeuka kidole cha kumnyooshea mwenzako. Msikilizaji wa Ulaya, Kilosa, anaishi karibu na Mikumi, inakopita barabara kuu ya kwenda Zambia. Kwake dereva wa lori ni mpita njia, na mpita njia ni rahisi kumhukumu. Tunu ni jirani. Anaondoka kwa mumewe na tamthilia haimwadhibu, jambo ambalo (tukiri) waandishi wetu wa ndoa hulionea haya.