Aliyeichora ni Nani?

Kadi ya Valentine ya zamani ina siri mbili. Ya kwanza ni ya aliyeituma. Katika Uingereza na Marekani ya karne ya 19, desturi ilikuwa kadi ifike bila jina, mpokeaji abaki kukisia: ni kijana wa nyumba ya tatu, ni karani wa dukani, au ni dada zake tu wanamfanyia mzaha? Siri ya pili ni ya aliyeichora, na hii haikuwa na mahaba yoyote ndani yake. Mchoraji alilipwa, mchoro ukawa mali ya kampuni, basi. Wa kwanza alijificha kwa kupenda. Wa pili alifichwa.

Wapo watu, wengi wao Marekani na Uingereza, ambao wameipa siri hii ya pili sehemu kubwa ya maisha yao. Hukusanya kadi hizi kwenye maboksi ya viatu, majalada na makabati, na kila moja huiuliza swali lile lile: ni mkono wa nani huu? Mimi mwenyewe ninazo chache tu, za bei nafuu, zenye kona zilizokunjika. Lakini kazi yao ninaihusudu, na ninaona haijasifiwa vya kutosha.

Asiyejua huitazama kadi usoni, akatabasamu kwa sababu ya mtoto mwenye mabawa na upinde. Mjuzi huigeuza kwanza. Kama ni postikadi, mgongo wake una habari nyingi kuliko uso. Marekani, hadi tarehe 1 Machi 1907, upande wa nyuma ulikuwa wa anwani peke yake. Ujumbe ulibanwa mbele, pembeni mwa picha. Uingereza ilikuwa imeruhusu mgongo ugawanywe sehemu mbili tangu 1902. Kwa hiyo mstari mmoja tu wa wino, uliopita katikati au usiopita, unatosha kuiondoa kadi katika muongo mmoja na kuiweka katika mwingine. Neno “Germany” kwa herufi ndogo nalo lina hoja yake: sheria ya ushuru ya Marekani ya 1890 ilitaka bidhaa za nje zitaje nchi zilikotoka, na wachapaji bora wa rangi wa zama zile walikuwa Wajerumani. Kampuni ya Raphael Tuck and Sons ya London ilipewa mwaka 1893 heshima ya kujiita wachapishaji wa sanaa wa Malkia Victoria. Malkia alipofariki Januari 1901, maneno hayo yalibadilika yakamtaja Mfalme. Anayejua hilo husoma kifo cha Victoria nyuma ya picha ya paka wawili wanaobusiana.

Kisha hutoka kioo cha kukuzia. Kadi nyingi nzuri za miaka ile zilichapwa kwa mawe: kila rangi na jiwe lake, na karatasi ikapitishwa juu ya jiwe moja baada ya jingine, mara nane, mara kumi, hata zaidi, bila kusogea unywele. Chini ya kioo, shavu la waridi hugeuka kuwa vinukta visivyo na mpangilio, vilivyodonolewa kwa mkono. Ukikuta vinukta vimejipanga safu kwa safu kama askari, hiyo ni teknolojia ya baadaye, au ni nakala ya juzi. Hapa pana jambo ambalo wakusanyaji hawalisemi sana, nami nadhani wangelisema zaidi. Mchoraji alitoa picha ya rangi za maji. Aliyeihamishia mawe, nukta kwa nukta, alikuwa fundi mwingine kabisa kiwandani, naye hakutajwa hata kwa herufi moja. Tunapodai tumeutambua mkono wa fulani, tunautazama kupitia mkono wa mtu wa tatu.

Saini ikiwapo, kazi huwa nyepesi, ingawa bado ina raha yake. Walter Crane alichora ndege ndani ya herufi za jina lake, maana jina la ukoo wake ni jina la ndege mwenye miguu mirefu. Kate Greenaway aliweka K.G., pale alipoweka. Wote wawili waliifanyia kazi kampuni ya Marcus Ward ya Belfast, na mwaka 1876 michoro yao ya Valentine ilitolewa kwa pamoja katika kitabu, *The Quiver of Love*, ambacho leo ni ushahidi mzuri wa kulinganishia kadi zisizo na herufi. Katika wasifu wa Greenaway inasimuliwa kwamba kadi yake moja ya mwanzo iliuzwa nakala zaidi ya 25,000 kwa majuma machache, na yeye akapata pauni 3. Sijui kama niongeze neno hapo.

Saini ninayoipenda kuliko zote ni ya Grace Gebbie wa Philadelphia, kwa sababu hakuwa na moja tu. Aliolewa mwaka 1900 akawa Wiederseim, na kwa jina hilo alichora watoto wanene wa supu ya Campbell’s, pamoja na kadi za Tuck zenye watoto wa mashavu yale yale na macho yaliyokaa pembeni. Mwaka 1911 ndoa ilivunjika, akaolewa tena, akawa Drayton. Basi jina lililo chini ya kiatu cha mtoto linakwambia mchoro ulifanywa kabla au baada ya talaka. Ofisi ya ndoa imeingia katika historia ya sanaa kwa mlango wa nyuma.

Lakini kadi nyingi hazina saini. Nyingine zilikuwa nayo ikakatwa na mashine iliyozipa kadi umbo la moyo au la kipepeo. Nyingine ilizama pale karatasi ilipokandamizwa ili picha itune. Nyingine ilifutwa kwa makusudi mchoro ulipouzwa mara ya pili. Maana michoro ilitumika tena na tena. Msichana aliyeshika yai la Pasaka mwezi Aprili anaweza kurudi Februari ameshika moyo mwekundu, gauni lile lile, soksi ile ile iliyoteremka.

Hapa ndipo ujuzi wenyewe ulipo. Mwitaliano Giovanni Morelli, aliyesomea udaktari kabla ya kugeukia michoro, alifundisha katika karne ya 19 kwamba ukitaka kumjua mchoraji usitazame tabasamu wala mavazi, tazama masikio na kucha, sehemu ambazo mkono huchora bila kufikiri. Wakusanyaji wa Valentine hufanya hivyo hivyo, hata wale ambao hawajapata kumsikia Morelli. Gauni refu na kofia ya utepe si ushahidi wa Greenaway. Baada ya kitabu chake cha 1879, *Under the Window*, nusu ya wachoraji wa Ulaya waliwavika watoto wao hivyo. Tazama badala yake jinsi kidole gumba kinavyoungana na kiganja, kivuli kinavyolala chini ya mdomo, miguu inavyokanyaga nyasi au kuelea juu yake.

Tazama pia namba. Tuck walitoa kadi kwa mifululizo, na kila mfululizo una namba yake mgongoni. Ikiwa kadi moja imesainiwa na mchoraji Frances Brundage, dada zake wenye namba ile ile wana haki ya kudai wametoka mkono mmoja, ingawa lazima uzipange pamoja na kuziangalia kabla ya kukubali. Ingekuwa rahisi zaidi kufungua daftari za kampuni na kusoma nani alilipwa kwa mchoro upi. Daftari hazipo. Usiku wa tarehe 29 Desemba 1940 mabomu ya Wajerumani yaliiteketeza Raphael House, na kumbukumbu za Tuck za miongo mingi zikaungua pamoja na makumi ya maelfu ya michoro na picha. Kazi kubwa ya wakusanyaji hawa tangu wakati huo ni kuandika upya, kwa macho na subira, kitu kilichokwisha kuwa majivu.

Wakati mwingine wanafanikiwa. John Winsch wa Stapleton, New York, alitoa kuanzia karibu 1910 hadi 1915 kadi za fahari, zenye wanawake wembamba walioviringwa na maua na mioyo, bila jina la mchoraji. Kwingineko, kwenye kadi za Detroit Publishing Company, palikuwa na herufi tatu ndogo, S.L.S. Watu waliokuwa na kadi za pande zote mbili waliziweka meza moja wakaona uso wa mwanamke yule yule unarudi. Alikuwa mke wa Samuel L. Schmucker wa Pennsylvania, aliyekuwa akikaa mbele ya mumewe ili achorwe. Schmucker alifariki mwaka 1921. Kwa miongo kadhaa jina lake lilibaki herufi tatu, hadi wakusanyaji walipomtolea kitabu kizima.

Kuna kadi ambazo swali la mchoraji huvurugika. Esther Howland wa Worcester, Massachusetts, alihitimu Mount Holyoke mwaka 1847, na muda mfupi baadaye alipokea kadi ya Kiingereza ya karatasi ya lesi akasema naweza kutengeneza nzuri zaidi. Kaka yake alichukua sampuli safarini akitumaini oda za dola 200. Inasimuliwa alirudi na za dola 5,000. Howland hakuchora. Aliagiza lesi na picha ndogo, akaketisha wasichana mezani, mmoja akate, mwingine abandike, mwingine aweke kipande cha karatasi ya rangi chini ya lesi ili matundu yake yang’ae. Mwaka 1879 kampuni yake ilitoa hata kitabu cha beti 131, ili asiyeridhika na ubeti wa kadi achague mwingine ubandikwe juu yake. Kadi zake hutambulika kwa herufi H nyekundu, ndogo mno, mgongoni. Mwenye kadi hiyo ni nani: aliyechora ua huko Ulaya, au aliyejua liwekwe wapi? Mimi nampa Howland bila kusita. Waandishi wengi hupenda kukumbusha kwamba hakuolewa, kana kwamba muuza viatu lazima awe mkimbiaji.

Zipo pia kadi za siki, za kutukana: mzee bahili, mwanamke mbea, kijana anayejiona. Ziliuzwa kwa senti, zikachapwa kwenye karatasi dhaifu, na aliyezipokea alizitia motoni. Ndiyo maana zimebaki chache. Mswahili hahitaji kufundishwa jambo hili. Anajua kwamba khanga ile ile ya mahaba ndiyo inayobeba kijembe. Na khanga yenyewe, kama kadi, hutaja jina la mwenye mali, “K.H.E. – Mali ya Abdulla” ya Mombasa ikiwa maarufu kuliko zote, lakini aliyechora korosho na maua ya pindo hatajwi. Sijaona bado mtu aliyeziweka khanga kuukuu meza moja na kutafuta mkono kama ule wa S.L.S. Natamani atokee.

Ubaya umo sokoni. Mchoraji Ellen Clapsaddle, aliyefariki mwaka 1934, inasimuliwa katika umaskini baada ya vita kuu ya kwanza kuvunja biashara ya kadi za Ujerumani, leo ana thamani kuliko alivyopata kuwa nayo akiwa hai. Basi muuzaji akiona mashavu manono tu, huandika Clapsaddle, na bei inapanda. Mkusanyaji wa kweli ndiye anayeweza kulipa fedha yake, kufika nyumbani, na kuandika kwa penseli kwenye bahasha: “haina saini, huenda, tazama mfululizo.” Penseli, si kalamu, maana kesho kadi nyingine inaweza kumsahihisha.

Yangu moja niliuziwa kwa jina hilo. Msichana ana simu ya zamani, ya mkonga na waya, na masikio yake hayafanani na ya Clapsaddle yeyote niliyemwona akiwa na saini. Mgongoni kuna namba. Nimekwisha kuwaona ndugu zake wawili, mvulana mwenye mwavuli na pacha walio juu ya ngazi, nao hawana herufi yoyote. Waliobaki katika seti bado nawatafuta.