Fundi Anatega Nini? Kupima Mnaso wa Rimoti

Ukitaka kumjua fundi anayeielewa oskiloskopu, iwe ni Likuni au kambini Dzaleka, nchini Malawi, mpe rimoti ya kawaida na kipokezi chake, umwambie anase amri moja. Bei ya mashine achana nayo. Tazama ametega trigi, yaani sharti linaloifanya mashine inase, kwenye nini.

Fundi mchanga hutega ukingo: ishara ikishuka tu, mashine inanasa. Chini ya taa za kuokoa umeme kipokezi hutoa mipigo ya uongo, basi skrini inarukaruka. Aliyekomaa hutega upana wa mpigo. Katika rimoti za mfumo wa NEC, kila amri hufunguliwa na mpigo wa milisekunde 9, kisha nafasi ya 4.5, ndipo zifuate biti 32. Kipokezi hugeuza ishara, kwa hiyo mpigo ule hutokea upande wa chini. Anayeusaka upande wa juu atasubiri mpaka jua lizame.

Bingwa ninayemvulia kofia hategi hata hiyo 9. Ukishikilia kitufe, rimoti hurudia mpigo uleule kila milisekunde 108, ila nafasi inayoufuata ni 2.25, na amri haimo. Basi yeye hutega nafasi yenyewe: upande wa juu, kati ya milisekunde 4 na 5, kiwango cha trigi katikati ya volti ya chini na ya juu. Upana huo haupatikani kwingine ndani ya amri. Hata biti ya 1 ina nafasi ya 1.69 tu. Na hadai 4.5 kamili, maana vipokezi hurefusha na kufupisha mipigo kidogo.

Halafu angalia alama ya trigi imekaa wapi. Trigi ya upana hufyatuka mpigo ukishaisha, kwa kuwa kabla ya hapo haupimiki. Amri nzima huchukua milisekunde 67.5, na baada ya nafasi ile zimebaki 54. Kwenye skrini ya miraba 10, kila mraba milisekunde 10, alama ikiachwa katikati mkia unakatika. Bingwa huisogeza hadi mwisho wa mraba wa pili kutoka kushoto.

Swali moja la mwisho: mpigo usiofika kiwango, labda laini ya kipokezi imeelemewa, atauonaje? Trigi hii huupita. Akianza kwa kupima volti za kipokezi, mwachie kazi.