Kuitazama Amour ukiwa Newala

Filamu ya Michael Haneke, Amour, ilitoka mwaka 2012, ikachukua Palme d'Or kule Cannes, na mwaka uliofuata tuzo ya Oscar ya filamu ya lugha ya kigeni. Mimi nimeiona juzi tu, kwenye simu, nikiwa Newala, tena baada ya kuzika. Huenda ndiyo maana nimegombana nayo.

Georges na Anne ni walimu wa muziki waliostaafu, wanaishi wawili kwenye fleti yao Paris. Anne anaugua, operesheni inashindikana, anapooza upande wa kulia, na anamwapisha mumewe asimrudishe tena hospitali. Mwishoni Georges anakaa kando ya kitanda, anamsimulia kisa cha utotoni mwake, kisha anachukua mto na kumziba pumzi.

Lakini kuna tukio lililonishika kuliko hilo la mto. Anne anakataa kunywa maji. Georges anambembeleza, anamlazimisha, Anne anayatema, na Georges anampiga kofi. Aliyewahi kuuguza anaujua mkono huo. Hapo Haneke hadanganyi hata kidogo.

Ila hiyo fleti, jamani! Binti yao anakuja kama mgeni. Kumuua mtu kunawezekana kwa sababu watu wawili wameachwa na chumba. Huku juu, bibi yangu alilala katikati ya mabinti, wajukuu na majirani waliopishana mlangoni na ndoo za maji. Hakuna dakika ambayo mtu angebaki naye peke yake. Ningeweza kuishia hapo, nikasema sisi tuna watu na wao wana upweke. Wahakiki wetu wengi huishia hapo. Ungekuwa uongo.

Bibi alikuwa na saratani ya mlango wa kizazi. Ilipogunduliwa, Masasi, tulishauriwa tumpeleke Ocean Road, Dar es Salaam. Ilikuwa Julai, na fedha za korosho huanza kuonekana Oktoba. Kikao cha ukoo, chini ya mjomba, kikasema tusubiri msimu. Msimu ulipofika, kikao kikasema safari itamchosha, tumwachie Mungu. Hakuna aliyetamka kwamba tumeamua jambo. Usiku alilia, na dawa tuliyokuwa nayo ndani ilikuwa panadoli. Mimi aliniita mume wangu, kama mabibi wanavyowatania wajukuu. Usiku mmoja akaniuliza, "Mume wangu, mbona mnanichelewesha?" Nikatoka nje.

Kanuni ya Adhabu ya Tanzania humhesabu anayeharakisha kifo cha mgonjwa kuwa amekisababisha, hata kama ugonjwa wenyewe ungemuua. Kwa hiyo Georges angekuwa na kesi. Kikao chetu hakina kesi.

Mjadala wa kifo cha huruma, kama unavyotufikia kutoka Uholanzi iliyouhalalisha mwaka 2002, unaanza na mgonjwa aliyekwisha kupewa kila tiba, ambaye sasa anachagua. Bibi hakuwahi kupewa hata morfini. Na morfini ya kunywa si jambo la ajabu, ni unga unaochanganywa na maji. Uganda, ambako Dk. Anne Merriman alianzisha hospisi mwaka 1993, iliruhusu mwaka 2004 wauguzi waliosomea kazi hiyo waiandike wenyewe bila kumsubiri daktari. Sijui kama bibi angeniuliza swali lile maumivu yakiwa yametulizwa. Labda angeuliza vilevile. Basi hapo ndipo tungekuwa na mjadala wa kweli.

Hili ndilo pengo la Amour kwangu. Anne analia kwamba inauma, tena na tena, na muuguzi anamwambia Georges asiyatilie maanani, wagonjwa husema tu. Filamu inalipokea jibu hilo na kusonga mbele.

Nililirudia tukio hilo. Mama mdogo alikuwa nyuma yangu, akichambua mbaazi. Akauliza, "Huyo mama anaumwa nini?" Nikamwambia amepooza.

"Na hawampi dawa ya maumivu?"