Aina za Busaa

Msafiri mmoja aliyepata kukaa Uingereza miaka mingi aliniuliza jioni mjini Kakamega, kwa upole wa mtu anayedhani swali lake ni jepesi, pombe za hapa ni za aina ngapi. Kwani huko alikotoka, alisema, mtu akiingia katika baa ya kijiji hukuta mipini ya pampu imejipanga mbele ya mwuzaji, huu wa bita yenye uchungu wa hopsi, huu wa maildi iliyo laini, huu wa porta nyeusi iliyopendwa na wapagazi wa London katika karne ya 18, na ule wa stauti, binti wa porta aliyemzidi mama yake umaarufu. Mimi, niliyezaliwa pwani na kulelewa katika dini isiyoniruhusu kuonja, nilikuwa mtu wa mwisho aliyestahili kuulizwa. Walakini nimepanga chumba kando ya ua wa mpika pombe, na pua haikuharamishiwa kitu. Nikamjibu kuwa aina ni moja tu, busaa, nayo kwa lugha ya wenyeji huitwa amalwa. Akanitazama kwa huruma. Tangu siku ile jibu langu limeniudhi, maana nilisema kweli nikaidhulumu kazi.

Kazi yenyewe huanza kwa unga wa mahindi, ambao hukandwa kwa maji uwe donge gumu, ukafunikwa siku mbili au tatu mpaka uchachuke, kisha ukakaangwa juu ya bati pana kwenye moto wa kuni, huku jirani yangu, ajuza ambaye mtaa mzima humwita Kukhu, akiugeuza na kuugeuza mpaka uwe chenga za rangi ya kahawia zenye harufu ya mkate ulioshika moto pembeni. Huo ndio mwili wa pombe. Uhai wake uko katika wimbi. Wimbi hurowekwa, likafungwa ndani ya gunia bichi, likaachwa lichipue, likaanikwa na kusagwa kuwa kimea, na kimea hicho ndicho kigeuzacho wanga wa mahindi kuwa sukari, ambayo hamira nayo huila na kuacha kileo. Mahindi ni mgeni katika nchi hii, amekuja kushika mahali pa wimbi na mtama katika mashamba na katika vyungu. Lakini mpaka leo mgeni huyo hawezi kuwa busaa mpaka mwenyeji wa kale amshike mkono.

Naam, na juu ya yote hayo liko suala la jua. Kakamega iko juu, kadiri ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, karibu na msitu mkubwa, na desturi ya mbingu yake ni asubuhi nyeupe ikifuatwa na radi na mvua ya alasiri, miezi mingi ya mwaka. Mwenye kuanika chenga na kimea hana budi kuyasoma mawingu kabla hayajawa mawingu. Nimewaona manahodha wa Lamu wakisimama ufukweni kimya, wakiuliza upepo kwa ngozi ya uso. Nami namwona Kukhu akisimama mlangoni vile vile, saa nne ya asubuhi, na mara ghafla akawaita wajukuu waondoe mikeka, ilhali mimi sioni juu ila buluu tupu. Mara chache sana nimepata kumwona amekosea.

Vitu hivyo vikisha kukutana na maji katika mtungi, hesabu ya siku huanza, na hapa ndipo penye jibu nililomnyima msafiri. Pombe changa ni tamu, nzito, jamaa ya uji, na wazee huidharau. Baada ya siku kadhaa utamu na uchachu husimama katika mizani. Hiyo ndiyo saa yake, na wanywaji hujua kwa midomo yao kama mimi nijuavyo adhana. Ikipitiliza huwa kali, chungu, yenye kukunja uso, ingawa wako waipendao hivyo hivyo. Busaa basi ina aina nyingi, ila hazikupangwa ukutani. Zimepangana katika wakati, moja ikiiua nyingine, na mtu hawezi kuzionja zote kwa kikao kimoja. Baridi ya Julai huikawiza na joto huiharakisha, wala hakuna kipimo ila sikio lililoinamishwa juu ya mtungi, likisikiliza povu.

La ajabu ni kwamba msafiri wetu alitoka kwa ndugu wa pombe hii asimtambue. Ile bita ya pipa aliyoisifu nayo ni kiumbe hai: haijamaliza kuchachuka iingiapo baa, hutunzwa ghalani katika ubaridi wa nyuzi 12 hivi, huvutwa kwa nguvu ya mkono bila kusukumwa na gesi, na pipa likifunguliwa ina siku chache tu kabla haijaharibika. Mwaka 1971 wanywaji wanne Waingereza walianzisha chama cha kuitetea, kikaitwa CAMRA, kwa kuwa viwanda vikubwa vilikuwa vikiijaza nchi pombe iliyouawa ili isafiri na kukaa. Busaa haikupata chama. Maquaker waliofika Kaimosi mwaka 1902 waliwataka waumini wao wauache mtungi. Mwaka 1922 ikaja bia ya chupa kutoka Nairobi. Na wengi hata leo huichanganya na chang'aa, kinywaji cha kukenekwa kilichokuwa kimepigwa marufuku kwa sheria ya 1980 hadi ilipofutwa mwaka 2010, kana kwamba mto na radi ni kitu kimoja kwa kuwa vyote vyaweza kuua.

Wala sitaacha kutaja mrija, oluseke, mrefu kupita kimo cha mtu, wenye kichujio kilichosukwa kwa ustadi kwenye ncha ili machicha yasipite. Urefu huo una adabu ndani yake: wazee hukaa kuuzunguka mtungi mmoja, kila mtu mahali pake, mbali vya kutosha kuheshimiana na karibu vya kutosha kusikizana, na maji ya moto yakiongezwa kadiri pombe inavyopungua. Mkwe wa kiume hathubutu kuketi hapo mbele ya mama mkwe wake. Sijui glasi iliyo na elimu kiasi hicho.

Siku ya pili nilimpeleka msafiri uani, akaamkia, akaomba kuonja. Kukhu aliinama juu ya mtungi akasikiliza kitambo.

"Bado, mwanangu. Njoo kesho, saa kumi."

"Lakini Kukhu, basi langu la Nairobi ni kesho alfajiri."

Ajuza akafunika mtungi kwa jani la mgomba, akarudi kwenye kuni zake. Msafiri akasimama pale kidogo, kisha akaniuliza ofisi ya mabasi hufungwa saa ngapi.