Rosa Mistika na Vijana Wetu wa Chuo

Baba mmoja wa shirika letu hapa Keshero alinijia jioni moja na kitabu, amekishika kwa ncha za vidole kama mtu aliyeokota panya aliyekufa. Alikuwa amekikuta chini ya mto wa binti yake, mwanafunzi wa chuo kikuu. “Mwalimu,” akasema, “naambiwa ni wewe uliyewapa watoto uchafu huu.” Nikamjibu kwamba ni kweli nimewapa, nikamwomba akae. Nataka kueleza hapa kwa nini niliwapa, maana yeye si mzazi wa pekee aliyenung'unika.

Kitabu chenyewe ni Rosa Mistika, cha marehemu Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa kisiwa cha Ukerewe katika Ziwa Victoria, aliyefariki mwaka 2020. Kilitolewa mwaka 1971, kikapigwa marufuku katika shule za Tanzania, na baada ya miaka kikarudishwa madarasani. Jina lake twalijua sote tunaosali Rozari: ni lile la Litania ya Bikira Maria, “Waridi lenye fumbo.” Mwandishi alipitia seminari, na jina hilo hakuliokota njiani.

Rosa ni binti wa Zakaria, mlevi mwenye fimbo. Baba huyu hataki binti yake aonekane na mvulana hata kwa mbali, na barua moja ya kitoto kutoka kwa Charles yatosha kumletea Rosa kipigo cha kutisha. Mama yake, Regina, ampenda, lakini naye yuko chini ya mkono uleule. Basi Rosa akua akiwaogopa wavulana jinsi mtu aogopavyo nyoka. Kisha aenda shule ya bweni, na baadaye chuo cha ualimu Morogoro, mahali fimbo isipofika. Yanayofuata mwaweza kuyakisia: wanaume wengi, hata mkuu wa chuo mwenyewe, na mimba iliyotolewa. Mwisho, alipotaka kutulia na Charles yule wa zamani, Charles akatambua kwamba si bikira, akamwacha. Rosa akajiua.

Yule baba aliposikia hayo alisema, “Si unaona? Ndiyo maana mimi ni mkali.” Nadhani hapo ndipo wazazi wengi hukisoma kitabu hiki kichwa chini miguu juu. Zakaria alikuwa mkali kuliko sisi sote. Ukali wake haukumfundisha Rosa kupenda usafi, ulimfundisha kuogopa Zakaria tu, na Zakaria hakusafiri naye kwenda Morogoro. Jambo hili Kezilahabi aliliona sawasawa, na analisema bila kupaka asali. Naona kurasa za mwanzo, za barua na kipigo, ndizo zilizo bora katika kitabu kizima, maana msomaji auona msiba wa Morogoro ukipandwa pale Namagondo, mbegu kwa mbegu.

Sasa niwaambie waliokisoma ni nani. Wako vijana wachache wa parokia yetu, wasichana na wavulana, wanaosoma katika vyuo vya Goma. Wamekubaliana kuishi usafi wa moyo na wa mwili mpaka siku ya ndoa, wala hawalifichi neno hilo chuoni. Wenzao wakiwauliza, hujibu, na wanafunzi wapya wakifika, huwatafuta na kuzungumza nao. Huitwa “masista” na “mapadri” kwa mzaha. Siku za Jumamosi tunakutana, na kwa majuma kadhaa tulikuwa tukisoma Rosa Mistika kwa sauti, tukiruka machache.

Msichana mmoja, ambaye kwa kawaida hasemi sana, alisema, “Mwalimu, huyu Rosa hana rafiki.” Tukarudi nyuma kutafuta, na kwa kweli alikuwa na haki. Wapo wa kumpiga na wapo wa kumtongoza, wapo pia wa kumsema, lakini hapati mtu wa rika lake wa kukaa naye na kumwambia, mimi nami nimechagua njia hii, tutembee pamoja. Mvulana mmoja naye akauliza kwa nini neno la bikira linamwangukia Rosa peke yake. Swali hilo lilitukalisha mpaka giza.

Hapo ndipo ninapomlaumu mwandishi. Katika kitabu chake usafi ni hofu, au ni alama ya mwilini ambayo ikipotea msichana amekwisha. Kwamba waweza kuwa fadhila, yaani nguvu ambayo mtu huitafuta kwa hiari yake na huweza kuipata tena kwa toba, sikuliona. Hata kwenye ile hukumu ya mbinguni mwishoni, Rosa na baba yake wanashitakiana mbele ya Mungu kama watu wenye shauri la shamba. Ni sura ya ujasiri, lakini baridi. Kristu hakumfukuza yule mwanamke aliyeletwa mbele yake na watu wenye mawe. Rosa alistahili kusikia habari hiyo kabla ya kufa.

Tena kisa kingine cha jirani chatuonyesha palipopungua. Huko Buganda vijana wa ikulu ya Mwanga walitakiwa miili yao na mwenye mamlaka juu yao, kama mwanafunzi wa leo atakavyo kutakiwa na mwalimu. Joseph Mukasa Balikuddembe aliwalinda, akauawa mwezi wa Novemba 1885. Karoli Lwanga akachukua nafasi yake, akawakinga wadogo, akawabatiza baadhi yao usiku, akaenda nao mpaka Namugongo, wakachomwa moto tarehe 3 Juni 1886. Kizito alikuwa mtoto wa miaka kama 14 tu. Wale walikuwa na mkubwa wao aliyesimama katikati yao na mfalme. Rosa hakuwa na Lwanga.

Je, vijana wetu wanaye? Twajua sote neno la “kununua pointi kwa mwili.” Sheria ya nchi yetu ya tarehe 20 Julai 2006 yahesabu kuwa kosa la jinai mtu mwenye mamlaka kumsumbua aliye chini yake ili apate mwili wake, lakini sheria yahitaji mashahidi, na msichana anayekwenda kushitaki peke yake aonekana ndiye mkosefu. Nimemwona mmoja. Alikataa, akaanguka mtihani, akarudia mwaka. Na sisi wa parokia tulisema nini? Tulisema labda alivaa vibaya. Mimi mwenyewe nilikaa kimya siku hiyo, na kimya changu sikioni kuwa tofauti sana na fimbo ya Zakaria.

Tena kuna fedha. Mji ulipochukuliwa na M23 mwisho wa Januari 2025, benki zikafungwa, na watu wengi wakapoteza kazi. Mwanafunzi asiye na ada wala chakula, ukimhubiria usafi na kumwacha na njaa, umemwachia mwenye dola amhubirie mahubiri mengine. Kwa hiyo niliwaomba wazee wa mashirika mambo matatu madogo: mama mmoja au baba mmoja amsindikize msichana anayeitwa ofisini kwa mwalimu baada ya saa za masomo, sehemu ya mchango wa shirika isaidie ada ya anayekwama, na wavulana wa kundi hili wasichekwe na baba zao wenyewe, kama inavyotokea. La kwanza limekubaliwa na mashirika mawili. La pili bado linajadiliwa, na mjadala wa fedha mnaujua.

Yule baba alikaa kwangu mpaka saa mbili usiku. Hakukubali kwamba kitabu ni kizuri, wala sikumlazimisha. Alipoinuka alikichukua tena, safari hii chini ya kwapa, akasema anataka kuona mwenyewe yule Zakaria aliambiwa nini mbinguni. Ni majuma matatu sasa. Binti yake anakidai, maana alikuwa hajafika mwisho.